Trio ya Charles Ives: uzio wa Yale, fujo za wanafunzi, na "Mwamba wenye imara" kwenye selo

#1 MtuWaBesi

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi si msomi wa muziki. Nimeimba besi kwaya ya Kilutheri kule Machame tangu sauti inavunjika mpaka siku naondoka nyumbani. Sasa nipo New Haven, Connecticut, mwaka wa saba huu, nahudumia wazee, zamu za usiku. Mji wenyewe ni wa chuo. Yale walihamia hapa mwaka 1716, na tangu hapo chuo na mji ni ulimi na meno: wanakaa kinywa kimoja na wanaumana.

Mwezi Novemba mmoja wa wazee ninaowahudumia alipata tiketi mbili za muziki wa chemba. Kwa wasioujua, ni muziki wa chumbani: watu watatu, wanne, watano, kila mtu na sauti yake, kondakta hakuna, spika hakuna. Kwenye kwaya ya watu arobaini besi mmoja akipotea anajificha nyuma ya wenzake. Huku ukipotea umepotea peke yako na ukumbi mzima unakuangalia. Mzee ni mtu wa kiti cha magurudumu, wa kumsukuma ni mimi, basi tiketi ya pili ikawa yangu.

Wakaingia vijana watatu: violini, selo (ile fidla kubwa inayoshikwa magotini), piano. Kipande ni Trio, yaani cha vyombo vitatu, ya Charles Ives, mtunzi wa Kimarekani. Jina nilikuwa sijawahi kulisikia.

Wakaanza selo na piano tu. Tena yule binti wa piano alipiga kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto kaulaza pajani. Wa violini kaweka chombo chake gotini anatazama madirisha. Nikasema moyoni huyu kasahau mahali pa kuingia, leo ataumbuka. Ikapita kama dakika moja, wakanyamaza. Kisha wakaanza tena: safari hii violini na mkono wa kushoto wa piano, selo ndiyo kimya. Nikazidi kuchanganyikiwa. Mara ya tatu wakaingia wote, mikono yote, na hapo ndipo nilipokaa sawa kitini. Zile sauti mbili nilizosikia mbalimbali zilikuwa za kwenda pamoja! Vipimo 27 vya noti, vilevile, mara tatu: nusu yake, nusu nyingine, halafu zima.

Mzee akaniinamia akaninong'oneza: "Huyo ni profesa anaongea na vijana pale uzioni. Amesema lile lile mara tatu, kama maprofesa wote."

Sehemu ya pili ilikuwa vurugu, nitaileta baadaye. Ya tatu ni ndefu, polepole, violini na selo wanafuatana, mmoja anasema na mwenzake anarudia nyuma yake. Mimi nilitoka zamu saa moja asubuhi, macho mazito, nikaanza kusinzia. Karibu na mwisho piano ikawa inanong'ona tu huku chini, noti zisizopatana, na selo ikaanza kuimba kitu. Kabla kichwa hakijajua ni nini, kifua kilishajua. Nikajikuta naimba besi. Si kwa sauti kubwa, lakini mama wa safu ya mbele aligeuka.

Ilikuwa "Mwamba wenye imara". Ile ile ya kwenye Tenzi za Rohoni, ile tuliyomzikia babu.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyepotelewa na funguo, naitafuta hii habari kila mahali. Leo niko mapumziko, nashusha kidogo kidogo.

#2 Jogoo la Shamba

Siti ya mbele. Nimekuja na kahawa na kashata. Endelea mkuu.

#3 Kaka Tembo

Mtoa mada umeandika vizuri mpaka nikashawishika kwenda YouTube. Mkuu, kuwa mkweli. Sehemu ya pili ile ni kabati la vyombo limeanguka jikoni usiku. Nimesikiliza dakika mbili, mke wangu akauliza simu imeharibika au vipi. Hawa wazungu mtu akishindwa kutunga anasema ni sanaa.

#4 MtuWaBesi

Kaka Tembo nimecheka peke yangu humu ndani.

Sikuchukii, maana hata mtungaji aliipa jina la herufi tano, TSIAJ, ambazo kwa kirefu chake maana yake ni "skezo hii ni mzaha". Skezo ni kipande cha haraka, cha kuchezacheza. Na kwenye karatasi zake za rasimu aliandika jina la kwanza la heshima, Kilatini kidogo, Umarekani kidogo, halafu chini yake akajicheka mwenyewe kwamba jina la kweli ni mataya ya Wayanki kwenye shule ya Bwana Yale ya watoto wazuri watundu.

Mwaka 1948 mkewe, Harmony, aliandika barua kueleza kipande hiki kinahusu nini. Sehemu ya kwanza: mazungumzo mafupi lakini mazito ya profesa mzee wa falsafa kwa vijana waliokaa kwenye uzio wa Yale. Ya pili: michezo na utundu wa wanafunzi mchana wa sikukuu, na nyimbo walizokuwa wakiimba enzi hizo. Ya tatu: kumbukumbu ya ibada ya Jumapili chuoni.

Kwa hiyo ule unaoita mlio wa vyombo ni nyimbo nyingi kwa wakati mmoja. Kuna ngoma ya mabaharia, kuna wimbo wa Waskochi, kuna nyimbo za vyama vya wanafunzi, na kuna hata wimbo wa kanisani ambao sisi tunauita "Damu imebubujika", umetumbukizwa katikati ya ulevi wote ule. Kila mmoja kwenye ufunguo wake (sauti yake ya msingi), hakuna anayemsubiri mwenzake.

Sasa jiulize. Ukisimama Manzese saa moja jioni, adhana inatoka huku, kwaya inafanya mazoezi kule, baa imefungulia spika, na muuza dawa za panya anapita na kipaza sauti chake. Masikio yako yanasikia kimoja kimoja kwa zamu? Hapana, yanasikia vyote, na bado unajua upo Manzese na si Masaki. Ives alikuwa anaandika hicho. Watungaji wengi wakisema wameandika muziki wa mahali fulani wanakuletea picha ya mahali: mto, mnara, machweo. Huyu anakuletea kilichoingia sikioni kwa mtu aliyekaa pale.

Na hakuanzia Yale. Baba yake, George, alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta mji wa Danbury, kilomita 50 na ushee kutoka hapa. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa anazifanya bendi mbili zitembee kuelekeana, kila moja na wimbo wake, ili asikie zinavyogongana zikipishana. Mtoto aliyekulia nyumba hiyo unategemea aandike nini?

#5 Njoro_254

Salamu kutoka Nakuru. Bosi, uzi mtamu, lakini kuna kitu hakikai sawa. Mimi nimelelewa Anglikana na "Rock of Ages", hiyo "Mwamba wenye imara" kwa Kiingereza, tunayoimba ina tuni ingine kabisa. Nimesikiliza huo mwisho mara tatu na selo haiimbi wimbo ninaoujua. Ama masikio ni yangu?

#6 MtuWaBesi

Masikio yako yako sawa ndugu yangu. Maneno ni yale yale, ya Augustus Toplady, Mwingereza wa karne ya 18. Tuni ni mbili. Waingereza wamezoea ile ya Richard Redhead ya mwaka 1853. Wamarekani wanaimba ya Thomas Hastings, ya 1830, na Ives akiwa Myanki halisi alitumia hiyo. Kwaya yetu ya Machame tuliimba ya Hastings, ndiyo maana ilinikamata. Ungekuwa umekaa kile kiti wewe, ungesema wamemaliza kwa kitu kizuri kisichojulikana, ukachukua koti lako ukaenda zako.

Hilo limenifikirisha sana kuliko nilivyotarajia, asante.

#7 mama_solfa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza, miaka ishirini na mbili. MtuWaBesi mwanangu, umenigusa kwenye sehemu ya kwanza, hizo nyingine nitazifikia.

Nimeisikiliza kwa makini, nikiwa na kalamu. Nilichotaka kujua: je, aliandika kipande kizima halafu akakipasua katikati, au aliandika vipande viwili vinavyojitegemea halafu akavibandika? Kwa sababu mwalimu yeyote anajua kufundisha sauti ya kwanza na ya tatu peke yake, kisha ya pili na ya nne, kisha zote. Ndivyo tunavyofanya kila Alhamisi. Lakini sisi tukiimba nusu, nusu hiyo inasikika ina njaa, ina mashimo. Hii yake haina mashimo. Selo na mkono wa kulia wanatosha kabisa, ukiambiwa kipande kimeisha utapiga makofi. Kisha violini na mkono wa kushoto nao wanatosha. Hilo ni gumu sana jamani. Watu mnapita tu.

Na jambo la pili. Mara ya tatu nilitegemea utamu, kama tunavyoungana sauti nne. Haukuja. Walipoungana ndipo mgogoro ulipoanza. Kila nusu ilikuwa na amani yake ilipokuwa peke yake.

#8 Jogoo la Shamba

Mwalimu umesema kitu hapo mwisho. Kama ndoa.

#9 MtuWaBesi

Marahaba ya mbali mama yangu, shikamoo. Swali lako la kupasua au kubandika sina jibu la kitaalamu, ila hoja ya "hazina mashimo" naichukua. Mimi nilikuwa nadhani ukiwa uzioni unamsikia profesa nusu nusu kwa sababu mwenzako anaongea pembeni. Kumbe kama kila nusu inajitosheleza, basi si usikivu mbovu. Ni watu wawili waliokaa sehemu mbili za uzio uleule, kila mmoja akaenda nyumbani na hotuba yake kamili.

Sasa huo uzio. Nimeusogelea mara nyingi nikitoka kazini, naomba niueleze kidogo.

Ulikuwa wa mbao, kwenye kona ya barabara za College na Chapel, wanafunzi wanakaa juu yake kama kunguru juu ya waya. Kila darasa na sehemu yake. Wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kukaa mpaka timu yao ya besiboli iifunge Harvard. Hapo ndipo walipoimba, walipobishana, walipochaguana. Mwaka 1888 chuo kikaubomoa ule wa kona ili kujenga jumba la madarasa. Wanafunzi na waliomaliza zamani wakalalamika mpaka wakachoka, haikusaidia. Wakawekewa mwingine ndani ya eneo la chuo.

Ives aliingia Yale mwaka 1894, akamaliza 1898. Fanyeni hesabu. Uzio ule wenye sifa, wa kwenye kona, alikuta umeshaondoka miaka sita. Aliokaa yeye ni wa kuhamishiwa. Na trio yenyewe aliiandika kati ya 1904 na 1911 hivi, akiwa New York, mtu mzima, mwenye tai. Yaani aliuandika mji aliokwisha kuuhama, akikumbuka uzio uliokuwa tayari ni kumbukumbu ya uzio mwingine.

Mimi nikitaka kuwaeleza watu hapa Machame inasikikaje, najikuta naeleza Machame ya 2009. Mfereji uliokuwa unapita nyuma ya kanisa, naambiwa siku hizi una maji ya msimu tu. Mimi kichwani bado unatiririka.

Watalii wakija New Haven wanasimama chini ya mnara wa Harkness wanasikiliza kengele na kusema, ahaa, hii ndiyo sauti ya Yale. Mnara ule umekamilika 1921. Siku hizi una kengele 54 na wanafunzi ndio wanaozipiga, mchana na jioni. Mimi nazipenda, zinanipata nikiwa najiandaa kwa zamu. Lakini Ives alipokuwa mwanafunzi hazikuwepo, na kwenye trio yake huzisikii.

Kilichobaki mpaka leo ni kanisa. Katikati ya mji kuna uwanja wa majani wanauita Green, na juu yake makanisa matatu yamepangana mstari. La katikati ni Center Church, la tangu 1814, limejengwa juu ya sehemu ya makaburi ya zamani, na ukishuka chini mawe ya makaburi bado yamesimama pale gizani chini ya sakafu, kama wamesimamishwa kusubiri ibada iishe. Nilishuka mara moja, inatosha. Ives alipiga kinanda kanisa hilo miaka yote minne ya chuo. Baba yake alifariki Novemba 1894, kijana hana hata miezi mitatu chuoni. Kila Jumapili anapanda kwenye kinanda. Kuanzia vipande vya ibada alivyovitunga ndipo ilipotokea kwarteti yake ya kwanza ya nyuzi, violini mbili, viola na selo, mwaka 1896. Hiyo Kaka Tembo unaweza kuisikiliza mbele ya shemeji bila matatizo. Imejaa tenzi na haigombani na mtu.

Profesa wake wa muziki, Horatio Parker, ambaye naye aliajiriwa Yale mwaka ule ule wa 1894, alikuwa mtu wa kanuni za Kijerumani: ukianza ufunguo huu, zunguka utakavyo, lakini rudi nyumbani kwa adabu. Mchana kijana anaandika kwa adabu, usiku anakwenda kwenye majumba ya burudani ya mjini. Kulikuwa na mpiga piano mmoja ukumbi wa Poli, George Felsberg, ambaye Ives alimkumbuka mpaka uzeeni kwa sababu aliweza kupiga piano huku anasoma gazeti. Akitaka kupumzika, Ives anakalia kiti chake. Mimi nadhani huyo Felsberg naye ni profesa wake, tena wa maana, basi tu hakuwa na ofisi.

#10 Kaka Tembo

Haya nimeisikiliza hiyo kwarteti. Nakubali, ni safi. Sasa mtu anajua kuandika vile halafu anachagua kuandika vile vingine, hapo ndipo naishiwa nguvu.

Halafu mbona unasema alikuwa na tai New York? Alikuwa anafanya kazi gani?

#11 MtuWaBesi

Bima. Aliajiriwa kwenye kampuni ya bima ya maisha mwaka uleule aliomaliza chuo, baadaye akafungua wakala na mwenzake Julian Myrick, ikawa miongoni mwa kubwa kabisa Marekani. Muziki usiku na wikiendi. Trio hii ilikaa kabatini, mara ya kwanza kupigwa hadharani ni 1948, jimbo la Ohio, mtunzi ni mzee wa miaka 73. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepewa tuzo ya Pulitzer kwa simfoni yake ya tatu, nayo aliiandika zama hizo hizo za bima. Alifariki 1954.

Kwa nini hakuandika vya kupendeza akauza? Kwa sababu ugali ulikuwa unatoka kwenye bima, bwana. Hakuwa na haja ya kumpendeza mtu.

#12 Bin Forodha

Assalaam alaykum. Nimeusoma wote tangu juu. Nina neno kuhusu bendi mbili za huyo mzee wa Danbury.

Pwani yetu tulikuwa na beni. Babu yake mama yangu, Tanga, alikuwa mtu wa Marini. Mahasimu wao ni Arinoti. Sare, vyeo vya kijeshi vya kubuni, matarumbeta, ngoma kubwa, wanaandamana mitaa kwa mitaa kutambiana, na siku wakikutana kona moja hakuna anayeshusha wimbo wake. Atakayeyumba akafuata mdundo wa mwenziwe ndiye aliyeshindwa. Beni imeanza Mombasa na Lamu miaka ya 1890, yaani huyu Ives akiwa chuoni. Basi msituletee mgongano wa bendi kama kitu kilichogunduliwa Connecticut.

Na huo muziki wa chemba, taarab ya zamani ilikuwa nini? Udi, ganuni, fidla, watu wachache ndani ya sebule, kila mmoja anamsikiliza mwenzake. Selo nayo imo siku nyingi kwenye vikundi vya Unguja.

#13 MtuWaBesi

Waalaykum salaam sheikh. Hapo umenipa zawadi, maana kuna kipande nilikuwa naogopa kukileta nikadhani hakuna atakayekielewa.

Kinaitwa Calcium Light Night. Ni cha kundi dogo: filimbi ndogo, klarineti, tarumbeta aina ya koneti, trombone, ngoma kubwa, na piano ya mikono minne. Dakika mbili tatu tu. Kinahusu usiku wa vyama vya siri vya wanafunzi wa Yale kuandamana kwa taa, kila chama kikiimba wimbo wake wa kujitapa. Ives mwenyewe alikuwa mwanachama wa kimojawapo. Kinaanza mbali, kama mtu anatikisa debe mtaa wa tatu. Ngoma inakaribia. Nyimbo mbili za vyama viwili zinakutana, zinapandana, kelele inafika juu kabisa, na kisha muziki unarudi kinyumenyume jinsi ulivyokuja, unafifia, mpaka inabaki ngoma tu inapotelea barabarani. Wewe msikilizaji hujatembea hata hatua moja, umesimama ukutani wamekupita.

Marini na Arinoti kabisa.

#14 Bin Forodha

Hiyo taa ya kalsiamu ndiyo nini?

#15 MtuWaBesi

Chokaa, sheikh! Donge la chokaa linaelekezewa mwali wa haidrojeni na oksijeni, linawaka mwanga mweupe mkali ajabu. Kabla ya umeme ndiyo ilikuwa taa ya majukwaa ya tamthilia.

#16 Bin Forodha

Subhanallah. Sisi chokaa tunaipika kwa magogo na matumbawe, tukapaka nyumba. Wenzetu waliiwasha wakaandamana nayo. Nitaisikiliza leo baada ya isha.

#17 Njoro_254

Swali la vijana. Dogo wangu anapiga violini hapa, ako serious kabisa. Hiyo shule ya muziki ya Yale ni ya watoto wa matajiri ama?

#18 MtuWaBesi

Kuingia ndiko kugumu, ndugu, wanachuja kwa kupiga chombo mbele yao. Lakini ukishaingia Yale School of Music ada hakuna, tangu katikati ya miaka ya 2000, walipopata mchango wa dola milioni 100. Ni masomo ya juu, si ya kuanzia, kwa hiyo dogo amalize shahada kwanza au awe wa kiwango hicho. Wanafunzi wake ndio hao wanaopiga kwenye ukumbi wa Sprague, jengo la 1917, na maonyesho mengi ni bure. Mimi huenda nikiwa na nguo za kazi na hakuna aliyewahi kunitazama vibaya, ukiacha siku niliyoimba.

Kiswahili nacho kinafundishwa Yale, kwa taarifa yako. Nimeshasalimiwa "shikamoo" na binti wa Kimarekani kwenye foleni ya piza, nikaitika marahaba kwa heshima zote. Piza ya hapa wanajivunia kuliko chuo.

#19 Kaka Tembo

Nimerudi. Nimemsikilizisha mke wangu ule mwisho wa trio bila kumwambia ni nini. Alikuwa anachambua mchele. Akanyamaza, akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi zima."

Nimeizima. Lakini ya katikati bado ni vyombo.

#20 MtuWaBesi

Nakubaliana na shemeji.

Nimalizie kuhusu yule mzee, maana kuna mtu ameniuliza faraghani. Siku ile nilipokuwa namsukuma kurudi, tukapita pembeni ya Green, baridi, majani yameanguka yote. Nikamuuliza aliwahi kukaa kwenye uzio? Akasema yeye ni mtoto wa mjini, baba yake alifanya kazi jikoni kwenye mabweni ya chuo, na mtoto wa mjini uzio huo alikuwa anaupita tu. Profesa yule anamjua kwa trio, si kwa kumsikia. Halafu akauliza mimi nilikuwa naimba nini pale ndani. Nikamwimbia ubeti wa kwanza kwa Kiswahili hadi kwenye taa za barabarani. Yeye akaimba chake kwa Kiingereza. Tuliachana kidogo mstari wa tatu, yeye anavuta sana.

#21 mama_solfa

Wanangu, nimefanya uchokozi jana mazoezini. Nimechukua "Mwamba wenye imara" ubeti wa kwanza. Nikawaambia soprano na teno waimbe mpaka mwisho, wengine kimya, tena kimya cha kweli, simu chini. Kisha alto na besi. Kisha wote, lakini nikawakataza kusikilizana: kila jozi ishike mwendo wake uleule iliouimba peke yake, hata mwenzio akichelewa usimsubiri.

Besi walifika mwisho soprano wakiwa bado mstari wa nne. Alto wawili walianza kucheka, mmoja akalia, sijui kwa nini, nikamwacha. Mlinzi alikuja mlangoni na tochi kuuliza kama kuna ugomvi.

Jumapili hatuimbi hivyo, mchungaji asome huu uzi kwa amani. Lakini Alhamisi ijayo wameniomba turudie.